Doa Chini ya Jino la Tano

Pale kliniki walimwita Profesa, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Alikuwa daktari wa meno wa kawaida, mwenye mikono mizuri tu, lakini mtihani wa kuingia kusomea ubingwa ulikuwa umeshamwangusha mara mbili, na jamani, aibu hiyo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Safari hii aliapa kufa na kupona. Ukimuuliza saa, alikueleza jinsi mionzi inavyopenya mfupa. Mkewe alisema mume wake kaoa picha za meno, yeye kabaki mpangaji.

Swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mtego. Picha inaonyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi wa jino la tano la chini. Mbumbumbu atarukia kusema ni usaha. Kumbe hapo mfupa wa taya una tundu lake la asili, njia ya mshipa wa fahamu, na kila mtu analo. Profesa aliwacheka waliolikosa swali hilo mpaka wakamchoka. Mwaka wa kwanza alilikosa yeye mwenyewe, ila hilo hakulisema.

Basi, mtihani ukiwa umekaribia, mama mkwe akaja kliniki kashika shavu. Karibu na kwake kulikuwa na daktari mwingine, lakini aende kwa mgeni ana nini, na mkwe anaye? Shoga zake wote walishazisikia sifa za mkwe huyo, hata wasiotaka. Jino lenyewe lilikuwa la tano, la chini, la upande anaotafunia, maana upande wa pili umebaki ufizi mtupu.

Profesa akamvalisha aproni nzito ya kuzuia mionzi, akampiga picha, akaitazama kwenye kompyuta. Doa jeusi, kwenye ncha ya mzizi, lilelile! Furaha ikampanda. Mtu mama mkwe wake anaugulia kitini, yeye anachekelea! Akamwonyesha doa kwa kalamu, akamwita na muuguzi aje ajifunze, akahubiri juu ya tundu la asili. Mama akauliza kwa adabu, mbona sasa linauma? Akaambiwa ni fizi tu, apige mswaki vizuri na ameze dawa za maumivu. Kisha Profesa akakimbilia vitabu vyake.

Mama akatii. Angefanyaje, na mkwe kasoma? Siku shavu lilipovimba hata mdomo ukagoma kufunguka, Profesa alikuwa kwenye chumba cha mtihani. Yule daktari wa karibu akakamua usaha, na baadaye jino likang'olewa. Profesa alimwomba mama radhi kweli, tena kwa machozi. Alisema doa la namna ile huwapiga chenga hata mabingwa, hakuna ambaye angejua. Mama akamsamehe kwa moyo mweupe, na shoga zake akawaambia hivyohivyo: hakuna ambaye angejua.

Matokeo yakatoka, Profesa kafaulu, tena kwa kishindo. Mkewe akaita ndugu, nyama zikaliwa, mama akapewa bakuli la uji. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shemeji mmoja akataka kujua swali gani lilikuwa gumu zaidi, na Profesa akafuta mikono kabla ya kujibu. Lilikuwa la doa jeusi la jino la tano, alisema, utajuaje kama ni tundu au usaha.

"Wenzangu wametoka jasho. Mimi nalijua tangu mwaka juzi," akasema. "Unapiga picha ya pili, mashine umeisogeza pembeni kidogo. Doa likihama likaachana na mzizi, ni tundu. Likiganda palepale, ni usaha. Kazi ya dakika mbili."

Meza nzima ikapiga makofi. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Kumbe ulikuwa unajua, mwanangu," akasema.

Mkewe, aliyekuwa akipiga makofi kuliko wote, akashusha mikono.