Mkono Uliotoboa Gitaa la Kanja

Saa tatu asubuhi, jua limeanza kupenya katika karakana ya mabati nyuma ya soko la Runyenjes. Ndwiga Njiru ameketi kwenye kigoda, amekumbatia gitaa jipya ambalo bado halijatiwa hata uzi mmoja wa chuma. Mkewe, Lydiah, anabana kipande cha ubao nyuma ya kichwa cha gitaa, ili drili ikitokea upande wa pili isichane mbao.

"Inua mkono kidogo," Ndwiga anamwambia. "Hapo. Sasa polepole."

Lydiah anawasha drili, nayo inanguruma. Unga wa mti wa muringa unamwagika kwenye aproni yake. Tundu la kwanza kati ya sita likishatoka, anapuliza vumbi, kisha anaingiza ufunguo wa kukazia uzi. Unakaa sawa bila kulazimishwa.

Ndwiga anatazama mlangoni. Hata leo akisikia nyayo nje, hushtuka.

Fundi huyu wa miaka sitini na mmoja anajulikana kuanzia Embu hadi Makutano, Meru. Vitanda na makabati ndivyo vilivyosomesha watoto wake, lakini magitaa ndiyo yaliyompa jina. Kisha akapigwa na kiharusi. Alipona, ila mkono wa kulia ukabaki ukitetemeka, na gitaa la kwanza alilojaribu kutoboa likapasuka kichwa.

"Tundu likienda upande, ufunguo nao unakaa upande," anasema. "Unakaza uzi, wimbo ukifika katikati unalegea. Nikajua mimi nimekwisha."

Lydiah, ambaye tangu waoane alikuwa akipiga msasa na vanishi, ndiye aliyeshika drili. Alijifunza kwa kutoboa vipande vilivyobaki, mumewe akimwelekeza, mlango umefungwa.

"Ni mimi nilitaka ufungwe," Ndwiga anakiri. "Niliona watu wakisikia ni bibi anatoboa, hawataleta gitaa tena."

Siri hiyo ilidumu hadi Machi mwaka huu. Munyi, mwalimu wa kwaya huko Kanja, alikuwa ameleta gitaa la kanisa ambalo funguo zake zilikuwa zimelika meno. Zile mpya zilikuwa nene zaidi, hivyo matundu yalihitaji kupanuliwa. Munyi alirudi kabla ya siku waliyoagana, akasukuma mlango, akamkuta Lydiah ameinamia gitaa, drili mkononi.

"Kumbe mama ndiye fundi siku hizi?" akauliza.

"Hapana," Ndwiga akajibu upesi. "Huyu ananishikia tu. Kazi yake ni kufagia vumbi."

Lydiah aliweka drili mezani, akachukua ufagio, akaanza kufagia.

"Angenitukana ningepata nafuu," Ndwiga anasema, macho chini.

Jumapili iliyofuata walialikwa Kanja. Gitaa lilipigwa ibada nzima bila uzi kulegea. Mchungaji akamwita Ndwiga asimame apigiwe makofi, naye akasimama. Upande wa akina mama akamwona Lydiah akipiga makofi pamoja na wengine.

"Niliona haya sana. Ni kama nimeiba kitu, halafu mwenyewe ananishangilia."

Kesho yake alipanda boda boda akarudi Kanja, akamweleza Munyi ukweli.

"Mzee, mimi hukunikosea," mwalimu akamjibu. "Mama umemwambia nini?"

Hakuwa amemwambia kitu. Jioni alimkuta Lydiah akichagua maharagwe, akamwomba msamaha.

"Nimesikia, Baba Wanjugu," Lydiah alimjibu. "Lakini ulinikana mbele ya mtu, na msamaha unaniomba tukiwa wawili."

Tangu siku hiyo mlango wa karakana hubaki wazi. Wateja wachache wameacha kuja. Munyi ameleta gitaa la pili. Lakini mwana wao, Wanjugu, anayeuza vifaa vya ujenzi Makutano, bado huwasimulia watu jinsi mkono wa babake ulivyopona. Ndwiga hajawahi kumsahihisha.

"Nimempigia simu aje Jumamosi," anasema. "Sitaki asome haya kwa gazeti lenu kwanza. Atayasikia kwangu, mama yake akiwa amekaa hapo, na jirani wakitaka wasikie pia."

Lydiah anaulizwa kama amemsamehe mumewe.

"Jumamosi nitapika," anasema. "Kuongea ni juu yake."