Tezi Iliyobaki Ndani ya Nta

Mume wangu alipozikwa Mpui, kipande kidogo cha mwili wake kilibaki hospitali mjini Sumbawanga. Nilikuwa nimekisahau. Ni tezi waliyomkata shingoni, wakaihifadhi ndani ya nta. Wakati ule daktari aliniita pembeni, mgonjwa akiwa wodini, akasema ameitazama kwa hadubini na hana hakika: huenda ni kifua kikuu, huenda ni saratani, turudi kwa vipimo zaidi.

Hatukurudi. Mume wangu hakuwa na kikohozi, na kwetu TB ni kikohozi. Lakini si hilo tu. Kwenye pombe yetu ya ulezi watu huzunguka chungu kimoja wakipokezana mrija. Mwenye saratani huletewa kuku. Mwenye TB hutengewa mrija wake. Mimi nilichagua kuku. Kila aliyeuliza nilimjibu saratani, mpaka mgonjwa mwenyewe akaamini, akaacha kuulizia hospitali.

Tulikuwa tumeshavuna nilipopigiwa simu. Mtu wa maabara alinipa pole ya msiba, akasema wamepata kipimo kipya na wanarudia sampuli za zamani zilizowatatiza.

"Tumekata kipande chembamba cha tezi ile, mama, tukakipima kwa mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu. Ni TB."

"Lakini ameshazikwa."

"Najua, mama. Nakupigia kwa ajili ya walio hai. Kuna mtu hapo nyumbani ana uvimbe, au anakonda?"

Nilimtazama binti yetu akipukuchua mahindi uani. Chini ya sikio lake palikuwa na uvimbe ambao bibi yake alikuwa akiukanda kwa majani.

Jioni nilikwenda kwa mama mkwe. "Shikamoo, mama." Nikaeleza. Wifi yangu akadakia.

"Wifi, kaka yuko kaburini, hao wanampima nini? Wamemfukua?" Alicheka. "Si wewe uliyetuambia saratani? Leo TB, kesho utatuletea kisukari!"

"Daktari hakusema saratani," nikasema. "Nilisema mimi."

Kicheko kilikatika. Mama mkwe alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso.

"Mwanangu alijua?"

"Hakujua, mama."

Vidole vyake viliendelea, lakini sasa alikuwa akirudisha mawe kwenye ungo pamoja na maharage.

"Mpeleke mtoto," alisema. "Wewe tutaongea."

Hatujaongea mpaka leo.

Hospitali walimchoma binti sindano kwenye uvimbe, wakapima majimaji yake kwa mashine. Alikuwa nayo. Muuguzi alimweleza taratibu, kama mtu mzima, kwamba atameza vidonge miezi sita na atapona. Akaongeza kwamba TB haipiti kwenye kikombe wala mrija, hupita hewani kutoka kwa mwenye TB ya mapafu, na huenda baba na binti waliivuta kwa mtu mmoja. Nilitazama sakafu.

Tulipotoka nje binti aliniuliza, "Mama, baba naye angepona kwa hizi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la kwamba Mungu alimpenda zaidi. Nililisema sana msibani. Sasa halikutoka.

"Nadhani angepona," nikamwambia. "Ni mimi ambaye sikumrudisha."

Binti alichukua pakiti ya vidonge mkononi mwangu, akaishika mwenyewe.