Mlango Usio na Utani

Bi Mishi binti Halfani hakuwahi kushika fimbo ya kupigania hata siku moja, lakini ua wa fimbo uliokuwa pembeni mwa kambi ya reli ya Dodoma ulikuwa wake, tangu mwiba wa kwanza wa uzio mpaka komeo la mlango wa chumba cha vitu. Aliyetaka kubisha alikwenda kubisha kwingine.

Alizaliwa Kondoa, kwenye vilima vya Warangi, na mama yake alimwachia urithi wa vitu viwili: chungu kilichopasuka na ulimi usiopasuka. Chungu alikitupa. Ulimi akashuka nao bondeni nyuma ya misafara ya tumbaku mpaka Kilimatinde, na huko akajifunza kwamba mtu akikuapia kuwa hiyo ndiyo bei ya mwisho, basi hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Akaolewa na Athuman, mpagazi wa zamani aliyetua mizigo ya watu akawa fundi wa fimbo. Reli ya Wadachi ilipofika Dodoma, Athuman aliona vumbi tu. Mishi aliona wanaume: mamia ya wanaume, hawana wake, hawana ng'ombe wa kuchunga, na Jumapili hawana kazi.

"Jenga ua," akamwambia mumewe. "Wafundishe kupigana kwa adabu, maana bila adabu wanapigana hata sasa."

Athuman akajenga. Kiangazi cha pili homa ikamchukua. Mishi akakaa eda yake yote bila kupunguza hata siku, na asubuhi ya kutoka eda jambo la kwanza alilofanya ni kuzunguka uzio kutazama ng'ombe wamevunja wapi. Kazi ya kufundisha akampa Mbwana, mtoto wa kaka yake, kijana mwenye mkono mwepesi na kichwa kizito.

Sasa ua wa fimbo una sheria moja isiyovunjwa: anayeingia uwanjani huingia bila chuma wala shanga. Bangili ya shaba ikigongwa na fimbo hupasua jicho la mwenzio. Na Mgogo wa siku zile mali yake aliivaa. Shaba mikononi, shanga shingoni, pete masikioni, kisu kiunoni, blanketi begani. Hivyo kila Jumapili chumba cha vitu kilijaa kuliko duka la Mhindi, na wenye vitu walikuwa uwanjani wametumbua macho kwenye fimbo ya adui. Mwizi angetaka nini zaidi?

Bi Mishi alilijua hilo mapema, ndiyo maana akaweka mlinzi. Alimchagua Sostenes, Mgogo wa misheni, mtu mrefu, mcheshi, mwenye kifua kama mlango wenyewe. Kila aliyeingia alimsalimu kwa kicheko, naye akamrudishia kicheko na tusi dogo. Bi Mishi akasema, huyu anapendwa, huyu ndiye. Akamjaribu pia, maana hakuwa mtu wa kuamini kifua. Akaacha bangili zake mbili za fedha na kikopo cha ugoro juu ya kigoda ndani ya chumba, Jumapili tatu mfululizo. Hakikuguswa hata kimoja. Ugoro haukupungua hata chembe.

Lakini vitu vya watu vilianza kupotea. Kwanza mkanda wa shanga. Kisha kisu. Kisha blanketi mbili kwa siku moja. Bi Mishi akaongeza miiba kwenye uzio. Vikapotea. Akabadilisha komeo. Vikapotea. Akafunga mbwa mlangoni. Mbwa akanona, na vitu vikapotea. Kilichomkasirisha zaidi si wizi, ni wale walioibiwa. Walikuja kwake wakasema, "Bi Mishi, blanketi langu halipo," halafu wakatazama chini.

"Nani kachukua?"

"Limepotea tu."

"Blanketi lina miguu? Sostenes alikuwa wapi?"

"Aa, Sostenes! Huyo si mwizi." Na wakacheka kicheko kikavu, kama mtu aliyemeza mfupa.

Habari zikafika kwa akida, mkubwa aliyewekwa na Wadachi. Akida hakuja, alituma neno tu: kambi inalalamika, na ukisikika wizi mwingine, ua ule utachomwa moto, uzio na fimbo zake. Bi Mishi alilipokea neno hilo. Usingizi hakuupata.

Jumapili iliyofuata, jua halijafika utosini, Matonya alitoka uwanjani akihema. Matonya alikuwa kijana wa kuchunga aliyekuja kubeba kokoto za reli, mpiganaji mzuri, si msemaji. Aliingia chumbani kuchukua vitu vyake, akakaa humo mno. Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Kimekosekana nini?" Bi Mishi akauliza.

"Kipande changu."

Kila mtu kambini alijua maana ya kipande. Ni ile karatasi ya kazi ambayo mnyapara huitia alama kila siku unapofanya kazi, na ikijaa siku thelathini ndipo unalipwa. Cha Matonya kilibakiwa na nafasi ya siku moja. Kesho asubuhi, filimbi ikilia, atakayesimama bila kipande atahesabiwa mtoro: mwezi wake wote umepotea, na juu yake hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, mbele ya wenzake.

"Nani, Matonya?"

"Kimepotea, Bi Mishi."

"Hicho si shanga, wewe! Kesho watakulaza chini!"

"Ndiyo hivyo." Akacheka kile kicheko kikavu, na machozi yakamlengalenga hapo hapo.

Bi Mishi alimshika Mbwana kwa mkono akamvuta nyuma ya uzio kama anavuta mbuzi.

"Niambie wewe unayeshinda nao. Hawa watu wamerogwa? Mtu anaibiwa mgongo wake na anacheka?"

Mbwana akakuna kichwa. "Shangazi, hawawezi kumtaja. Ni mtani wao."

"Nani mtani wao?"

"Sostenes. Ukoo wake na ukoo wa kina Matonya ni watani tangu mababu. Mtani akichukua kitu chako huwezi kumwita mwizi. Ukilalamika watu watakucheka mpaka uhame. Unasema kimepotea, basi."

"Na waliopotelewa wengine?"

"Ukoo ule ule, shangazi. Karibu nusu ya ua. Wasio watani wake hawajapotelewa na kitu."

Bi Mishi akakumbuka bangili zake juu ya kigoda. Akakumbuka ugoro. Kumbe alimpima mtu kwa pishi isiyokuwa yake!

"Tangu lini unajua haya?"

"Tangu mwanzo. Nilidhani na wewe unajua."

"Ulidhani!" Alimsukuma Mbwana akagonga uzio, na miiba ikamfundisha yaliyobaki. "Akida anataka kunichomea ua, na wewe unadhani!"

Alirudi uwanjani kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto. Watu wawili walikuwa wakipigana. Alipita katikati yao, na fimbo zikashuka zenyewe. Sostenes alikuwa mlangoni, kaegemea mwimo, anatafuna kijiti.

"Mbukwa, mama!" akamsalimu Kigogo kwa furaha. "Leo umekuja kupigana?"

"Kipande cha Matonya kiko wapi?"

Sostenes akamtazama Matonya, akatabasamu. "Muulize mwenyewe. Wewe bata, umempelekea mama maneno?"

"Sijasema kitu," Matonya akajibu haraka.

"Hajasema kitu," Bi Mishi akasema. "Nauliza mimi."

"Mama, haya ni mambo yetu, nyie watu wa Kondoa hamyajui. Hawa ni watani wangu. Babu yake huyu, nani alimchimbia kaburi? Sisi! Na mimi nikifa, huyu huyu mwenye miguu ya korongo atakuja kuvua blanketi juu ya maiti yangu aende nalo, na nani atamwita mwizi? Hata mke wangu atacheka!"

Watu wakacheka kweli. Hata Matonya alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomkaanga Bi Mishi, lakini alikuwa amefanya biashara miaka mingi. Alijua kwamba hasira ikitoka yote kwa mara moja ni mtaji umemwagika. Akaitoa kidogo kidogo.

"Vizuri. Matonya akiwa amevaa blanketi lake barabarani, ukamvua, ni utani?"

"Utani mtupu!"

"Ukiingia kwake ukachukua kuku?"

"Utani!"

"Na Matonya aliponiletea kipande chake leo asubuhi, kilikuwa mikononi mwa nani?"

Sostenes akaacha kutafuna.

"Nakuuliza. Mtu akinipa kitu nimtunzie, kikipotea anamdai nani? Ananidai mimi. Akida anamfuata nani? Mimi. Basi hicho kilikuwa amana yangu, chini ya komeo langu. Hukumchukulia Matonya, mwanaharamu wewe, umenichukulia mimi! Mimi na wewe ni watani? Nani wa kwenu alimzika nani wa kwetu? Sema!"

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kambi, aliyekuja kutazama tu, akaguna kwa sauti ya chini, "Eee. Hapo pana neno."

"Simhitaji Matonya kutoa ushahidi," Bi Mishi akaendelea. "Anyamaze mpaka kiama. Mwenye kushtaki ni mimi, na nyumba ya akida naijua. Au hizo hamsa ishirini nazo utazipokea kwa utani?"

Sostenes akajaribu kutabasamu tena, tabasamu likakataa. "Mama, nilikuwa namchezea. Ningemrudishia akileta kibuyu cha pombe."

"Kirudishe sasa."

"Hakipo hapa. Kiko Ihumwa."

"Ihumwa kwa nani?"

"Kwa shemeji yangu, kambi ya pale. Nilimpelekea kwa mtu aliyetoka hapa asubuhi." Akashusha sauti. "Kesho angetiwa alama ya mwisho, alipwe yeye. Karani hawajui watu kwa sura. Kwa Mdachi, Mgogo ni Mgogo. Tungepatana na shemeji."

"Mngepatana nini?"

"Nusu kwa nusu."

Bi Mishi aligeuka akawatazama wale watani wote waliosimama na fimbo zao, waliomeza blanketi na visu na shanga kwa miezi kadhaa kwa sababu ya heshima ya babu zao, akawaacha wenyewe wasikie neno hilo likitua.

Matonya alisogea mbele. Alizungumza polepole, kama mtu anayevua mwiba.

"Blanketi la ndugu yangu Kefa, uliliuza?"

Sostenes akatupa kijiti chake chini.

"Nakuuliza mimi sasa, mtani. Uliliuza?"

"Lilikuwa kuukuu."

"Mtani huchukua akavaa. Huchukua akala, tukaona, tukacheka naye. Wewe unauza." Mkono wa Matonya ukakaza fimbo. "Umemuuza na babu yangu."

Mbwana alimshika Matonya kabla fimbo haijapanda. Bi Mishi hakumshukuru. Lakini alijua maiti uani ingemgharimu kuliko blanketi.

"Atapigwa baadaye," akasema. "Kwanza atembee. Ihumwa ni mbali na jua halimsubiri mtu."

Wakaondoka wanne: Bi Mishi mbele, khanga kaifunga kiunoni, Sostenes nyuma yake, Matonya na Mbwana wakifunga msafara. Njiani Sostenes alilalamika kiu. Bi Mishi alimwambia ameze mate, hayo hayana mwenyewe. Kule Ihumwa shemeji alikana mara moja tu. Mara ya pili aliona Matonya anapima urefu wa fimbo yake kwa macho, akaingia bandani na kutoka na kipande, kimekunjwa na kina doa la tumbaku. Alianza kueleza jinsi alivyodanganywa. Bi Mishi alimnyang'anya karatasi akaondoka huku yule mtu bado anaeleza.

Jumatatu filimbi ilipolia, Matonya alisimama kwenye mstari na kipande chake, mnyapara akatia alama ya mwisho, na kiboko kikabaki ukutani. Akida hakupata sababu ya kuwasha moto.

Mngesema basi mambo yameisha. Hayakuisha. Jumanne walikuja wanaume sita wa ukoo ule, wamevaa nyuso za msibani, kumwombea Sostenes arudi mlangoni.

"Ametukosea sisi, Bi Mishi," akasema aliyewaongoza. "Ametupa mbuzi, tumekula, tumemaliza. Mtani hatupwi."

Bi Mishi alisimama kwa hasira hata kigoda kikaanguka.

"Miezi mnaibiwa mnanichekea usoni, ua wangu unataka kuwa majivu, na leo mmeshiba mbuzi mnaniletea mwizi yule yule? Msameheni! Mpeni binti zenu! Lakini mlango wangu hauna ukoo, haujazikwa na mtu wala haujala mbuzi wa mtu. Hapa harudi."

"Basi na sisi haturudi."

"Njia ni ile mliyojia."

Jumapili ua ulikuwa nusu. Bi Mishi alikaa mlangoni mwenyewe, kikapu miguuni, na kijana wa kwanza aliyekuja kuomba kazi ya ulinzi alijisifu kwa nguvu zake mpaka akachoka.

"Sijakuuliza nguvu," Bi Mishi akasema. "Nimekuuliza watani wako ni kina nani."

Kijana akaanza kuwataja kwa vidole. Alipofika kidole cha tano akaambiwa aende zake.

Matonya alikuja mwisho, peke yake, bila wale sita. Akasimama mbele yake, hakusalimu.

"Umenipotezea ndugu zangu," akasema. "Nyumbani wananiita mtu wa Bi Mishi."

"Nimekupatia mwezi wako na ngozi ya mgongo wako. Vua bangili."

Akavua. Moja moja, akizirusha kikapuni kwa nguvu mpaka shaba ikalia. Bi Mishi naye akazisukuma pembeni kwa ghadhabu ile ile, kila moja mahali pake, na hakuna aliyemwangalia mwenzake mpaka ya mwisho ilipoingia.