Kibao cha Shingoni Chamnyima Fundi Raha

Saa mbili asubuhi, fundi seremala wa shule anapiga msasa kipande cha mbao kisichozidi kiganja. Anakipuliza vumbi, anakivaa shingoni kwa kamba, anakunja uso. Kingo bado zinakwaruza.

Mwalimu mkuu ameagiza vibao sita, kimoja kwa kila darasa. Kuanzia Jumatatu, mtoto atakayenaswa akizungumza lugha ya nyumbani badala ya Kizungu atavaa kibao mpaka naye amnase mwenzake.

Utaratibu huu uliletwa na wakoloni. Wao walifunga virago wakaenda zao. Kibao, kwa unyenyekevu mkubwa, kikaomba kubaki.

Fundi mwenyewe alikivaa akiwa darasa la tatu, kwa kosa la kupiga yowe alipoumwa na nyuki. “Ningekitafuta wapi Kizungu cha nyuki?” anauliza.

Sasa binti yake, Kasuku kwa jina la utani, yuko darasa la tatu hapo hapo. Anasoma bila ada kwa kuwa baba ni mfanyakazi. Fundi akigoma, watatoka getini wote wawili. Akitii, anajua shingo ya kwanza itakuwa ya nani.

“Yule huongea hata usingizini,” anasema, wala hacheki.

Nyumbani alijitetea kwamba vibao vyake vitakuwa vyepesi, tena laini. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. “Baba Kasuku, kibao ni kibao, kiwe cha shingoni au cha shavuni.”

Mwalimu mkuu naye ana hoja. “Mtihani hauji kwa lugha ya bibi yako, fundi.” Isitoshe, amri ni ya mwenyekiti wa bodi, ambaye pia ni diwani. Msimu wa kampeni ukifika, mheshimiwa huyo husahau Kizungu chote.

“Vimefikia wapi?” mwalimu mkuu anauliza kutoka dirishani.

“Mbao bado mbichi, mwalimu. Njoo kesho.”

Uongo huo mafundi wengine huupigia mswaki kila asubuhi. Huyu ndiyo kwanza anauonja.

Anataka kuivuta hiyo kesho hadi Jumamosi, siku ya kikao cha wazazi na bodi. Hajawahi kusimama mbele ya watu.

“Nitasema kwa lugha yangu kwamba sivitengenezi. Diwani akinijibu kwa Kizungu, wapiga kura wake watamsikia. Akinijibu kwa lugha yetu…” Anakiinua kile kibao. “Nitaomba nimpime shingo.”