Goti la Kushoto

Baba yangu alikuwa mhubiri wa Kibaptisti aliyejulikana Ruiru nzima. Akikubatiza na unywele mmoja ukabaki mkavu, alikuzamisha tena, hata ukiwa mke wa shemasi. Siku yangu ilipofika, kule Mwihoko, lori la maji lilikuwa limeleta kidogo, tangi la kanisa halikujaa, na goti langu la kushoto likabaki nje. Aliliona. Nami nikaona ameliona. Akasema “Amina,” akaniinua.

Tangu tumzike baba huko Kalimoni, watu hunisimamisha sokoni wakimsifu vile hakumpendelea mtu. Naenda zangu, hasira zimenipanda. Alinihurumia, ama alikuwa amechoka? Mbona hakuniambia? Nimeshakuwa nyanya wa watu, na kila asubuhi nikioga, goti hilo nalimwagia maji mara mbili.