Zamu ya Kurumbiza

"Sasa mimi nikiondoka, mgeni atapokelewa na nani?"

Bibi aliniuliza hivyo jikoni kwake, Mtae, juu milimani. Mama alikuwa amenituma kutoka Tanga nimshawishi bibi ahamie kwetu, maana magoti yake yalikuwa yameshindwa na miteremko. Bibi hakukataa. Alisema tu kwamba ndege kurumbiza amelia asubuhi, yaani mgeni yuko njiani, na mtu mwenye adabu hafungi nyumba mgeni akiwa njiani.

"Kurumbiza analia kila siku, bibi."

"Basi unaona nilivyo na kazi, mke mwenzangu."

Nilikuwa nimemaliza chuo na siamini hata utabiri wa hali ya hewa. Nilikuwa pia na kamera ya mtumba, ambayo hadi hapo ilikuwa imepiga picha bata wengi wa bwawani, wote kwa nyuma. Tukawekeana sharti: nikimpiga picha kurumbiza akilia, na jua likazama bila mgeni kuja, bibi anafunga mizigo.

Asubuhi nikajificha migombani, nimejifunika khanga ya kijani. Kurumbiza akatua kwenye mparachichi, mwili manjano, kichwa cheusi kana kwamba amevalishwa soksi. Akapanua mdomo. Nikabonyeza. Bado nashangilia kimoyomoyo, mzee mmoja akaingia uani na kabichi mkononi. Mzee huwezi kumpita kimya, hata ukiwa mgomba.

"Shikamoo, babu."

Kabichi likaanguka. "Marahaba," akasema, akitazama juu, kisha nyuma yake. "Nani wewe?"

"Mjukuu wa hapa."

"Umefanya nini mpaka wakakuweka huko?"

Bibi alikuwa ameshamimina chai.

Kesho yake akaja mama mmoja na plamu. Baadaye mwalimu wa kwaya, aliyekaa mpaka ugali ukaiva. Kisha ikaja siku ya mvua na ukungu, kurumbiza akalia mara moja tu, kivivu, nami nikaanza kukunja nguo za bibi. Mchana jirani wa ng'ambo ya ua akabisha hodi, amelowa mpaka magotini, uso umekunjamana, akasema amepita tu kusalimia.

Nikawaza kwamba labda watu wanakuja kumwangalia binti anayeishi migombani. Nikahamia dirishani. Wakaja vilevile. Kila jioni bibi alikuwa akisimama uani kuzungumza na jirani huyo kwa Kishambaa, mazungumzo marefu yenye vicheko. Mimi wa Tanga nilikuwa naambulia neno moja moja, nikadhani ni salamu tu, maana salamu za milimani haziishi.

Nikarudi Tanga peke yangu na picha moja nzuri: kurumbiza kapanua mdomo, na nyuma yake kofia ya mzee wa kabichi.

Mama akaitazama. "Na bibi yako?"

"Ana mgeni."

Bibi bado yuko Mtae. Miaka ilipita, tukakutana harusini mimi na yule jirani aliyelowa. Akacheka mpaka akashika mbavu, ndipo akaniambia: kila jioni pale uani bibi alikuwa akipanga zamu za wageni, na yeye alipewa siku ya mvua kwa kuwa zamu yake ya siku ya jua aliikwepa.