Miji Aliyopewa Elieth Kwenye Geti la Maegesho

Saa mbili asubuhi, baridi inang'ata masikio. Teksi ya kijivu inasimama mbele ya kibanda cha vioo, kwenye maegesho ya nje ya uwanja mdogo wa ndege, si mbali na Lanham, Maryland. Kioo cha gari kinashuka. Dirisha la kibanda linafunguka.

"Shikamoo, bibi," anasema Khalfan, dereva mzaliwa wa Wete, Pemba.

"Marahaba, mwanangu. Kitendawili."

"Tega."

"Ana mkono mmoja, anapungia watu mchana kutwa, wala hamjui hata mmoja."

Khalfan anakuna kidevu. Gari la nyuma linapiga honi. Anasalimu amri: "Haya, nakupa mji. Chukua Wete, bibi, na karafuu zake."

Elieth Mwakatobe anaupokea mji. Amefika Wete, anasema, amekula pweza kwa wali wa nazi, amelala pazuri, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Kisha anaonyesha kwa kidole ule mti mwekundu na mweupe wa geti, unaoinuka mbele ya gari. Jibu ndilo hilo. Khalfan anapita akicheka, na kibanda kinarudi kwenye ukimya wake.

Elieth ana miaka sitini na mmoja, mzaliwa wa Tukuyu. Kazi yake ni kupokea tiketi za magari na kufungua geti. Wazungumzaji wa Kiingereza yeye huwatakia safari njema. Wa Kiswahili huwategea kitendawili, na anayeshindwa hutoa mji, kama walivyofanya babu zetu. Amekwisha kupewa Bukoba, Kisumu na Lamu. Dada mmoja Mkongo alimpa Lubumbashi pamoja na reli yake. Hajakanyaga hata mmoja. Ndege zinapaa juu ya kichwa chake kila siku, naye hajapanda tena tangu ile iliyomleta.

Aliitwa kuja kumlea mjukuu. Mtoto akakua, binti yake Queen akapata kazi Seattle, familia ikahama. Nyumba ya huko ni ndogo, kwa hiyo bibi akabaki Langley Park, kwenye chumba kinachotazama vifusi vya reli mpya inayojengwa. Jumapili hupiga simu. Anazungumza Kiswahili, mjukuu anamjibu Kiingereza, wanaelewana nusunusu, kisha mtoto anasema ana mazoezi ya mpira.

"Ukiishi peke yako unapika chai ya kikombe kimoja," anasema. "Na chai ya kikombe kimoja haijui kunukia."

Kibandani analipwa dola kumi na nane kwa saa, na zaidi ya nusu huishia kwenye kodi ya nyumba. Hata hivyo hasemi sana habari za mshahara. Anachokisema ni wasindikizaji.

Watu wetu wanajulikana. Msafiri ni mmoja, magari manne. Huyu amekuja na mama yake, yule na wanakwaya wenzake, mwingine na majirani wote wa Riverdale Park. Wanasimama pembeni mwa maegesho, kwenye nyasi. Sanduku linafunguliwa na kupangwa upya, maandazi yanazunguka kwenye karatasi ya alumini, kisha inakuja dua au sala, kutegemea wenyewe. Mara nyingi humwita naye asimame kwenye duara. Huwa anaaga watu asiowajua, na machozi yanamtoka kama wao.

"Nikiwa pale, naona kama nami nina ukoo mkubwa," anasema.

Lakini uwanja unakua. Abiria wanaongezeka, mashirika ya ndege yanataka nafasi, na magari hayana pa kulala. Uongozi umechora mpango: pale penye nyasi na kibanda litapanda ghorofa la maegesho la ngazi tano. Kamera itasoma namba za magari, geti litajifungua lenyewe.

Mwaka jana wananchi waliitwa ukumbini watoe maoni. Elieth alivaa kitenge chake cha harusi za watu na kwenda. Zamu yake ilipofika aliuliza swali moja: kwenye mchoro ule, watu wataagana wapi?

Mama aliyeongoza mpango alimjibu kwa upole kwamba abiria watashushwa mlangoni, na kila gari litapewa dakika tatu. Nyuma ya ukumbi Mkenya mmoja akasema kwa sauti kuwa dakika tatu zitaishia kwenye kumsalimia shangazi. Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Aliuliza mara mbili huko kusindikizana kunakwendaje, na akaandika.

Mchoro wa pili ulitoka mwezi wa tatu. Chini ya ghorofa paliongezwa ukumbi mdogo wenye mabenchi na paa, wa kuagania. Elieth aliutazama muda mrefu, akitafuta kwa kidole mahali penye kibanda. Hapakuwa na kibanda.

"Nimewapatia watu pa kukaa," anasema, "mimi mwenyewe nimekosa pa kusimama."

Hawakumfukuza. Walimpa nafasi kwenye chumba cha kamera, kisicho na dirisha, mshahara juu kidogo, akae na skrini na kuzungumza na madereva waliokwama kupitia spika. Alipelekwa kukiona. Alikaa kitini, akaona vichwa vya watu kwa juu, vikipita bila sauti. Alishukuru, akatoka nje, akakataa.

Amechagua lililo gumu zaidi. Anajifunza kuendesha basi la uwanja, lile linalobeba abiria kutoka maegesho ya mbali hadi mlango wa kuondokea. Ghorofa litaanza kujengwa kiangazi. Asipokuwa na leseni ya basi kufikia hapo, hana kazi.

Mwalimu wake ni Ochieng, dereva wa zamani wa basi hilo, mwenye ulimi mkali. Mtihani wa kwanza Elieth alifeli kwa kugonga koni ya barabarani akirudi nyuma.

"Mathe, hiyo koni ilikuwa na watoto," Ochieng anamkumbusha.

"Nitawalea, baba. Ndiyo kazi iliyonileta."

Jumapili mchana Elieth yuko nyuma ya usukani, kwenye maegesho matupu. Ochieng yuko pembeni, simu sikioni, anabishana na nduguye wa Kisumu. Basi linarudi nyuma polepole kati ya koni, linasimama. Hakuna koni iliyoanguka. Hakuna aliyeona.

"Pale getini nawaaga wakiwa bado njiani," anasema. "Nikipata leseni nitamfikisha mtu mpaka mlangoni. Nitamshushia sanduku. Asiye na msindikizaji, atakuwa nami."

Anabonyeza kitufe, mlango wa abiria unafunguka. Anauacha wazi kwa muda, kama unavyomngoja mtu mwenye mzigo mzito. Kisha anaufunga, anatazama vioo vyote viwili, na kuanza kurudi nyuma tena.